Hisabati kwa Darasa Lenye Viwango Vingi

Mwalimu wa Hisabati anapoingia kidato cha pili katika shule ya kata yenye wanafunzi zaidi ya sitini, muhtasari wa somo humwambia kwamba wote wamefika mada moja. Madaftari yao yanasema vingine. Yupo anayetatua mlinganyo kwa mistari miwili, na jirani yake wa dawati bado anakwama kwenye namba hasi. Wepesi tulio nao ni kusema kwamba mmoja ana kichwa cha Hisabati na mwingine hana.

Tazama kosa moja linalojirudia kila mwaka: 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwanafunzi huyu hakubahatisha. Amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, akifuata kanuni aliyojitungia kwa sababu maana ya sehemu haikumkaa tangu shule ya msingi. Alama ya kosa pekee haimsaidii. Swali humsaidia: ukiwa na nusu ya mkate kisha ukaongezewa theluthi, inawezekanaje ubaki na pungufu ya nusu? Maana 2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Asipoulizwa leo, pengo hilohilo litamkuta kwenye sehemu za aljebra, nasi tutasema aljebra imemshinda.

Kufundisha kana kwamba pengo halipo huwafaa wachache. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walifuatilia shule za msingi za vijijini magharibi mwa Kenya zilizogawiwa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na vilikuwa vigumu kwa wengi. Utafiti mwingine wa eneo hilohilo, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto wa darasa la kwanza walipogawanywa kwa kiwango, waliokuwa nyuma na waliokuwa mbele wote walipanda. Lakini shule hizo ziliongezewa mwalimu. Penye mwalimu mmoja, viwango vyote hubaki chumba kimoja, na njia lazima ipatikane humohumo.

Njia mojawapo ni swali moja ambalo kila mwanafunzi ana pa kuanzia. Una waya wa mita 24 wa kuzungushia bustani ya mstatili: vipimo gani vitakupa eneo kubwa zaidi? Aliye nyuma ataorodhesha: 1 kwa 11 ni 11, 2 kwa 10 ni 20, hadi 6 kwa 6, yaani 36. Anazidisha, anapanga, na anaona mwelekeo kwa macho yake. Wa kati ataandika upana kuwa x na eneo kuwa x(12 − x). Aliye mbele atatakiwa kuthibitisha kwamba 36 haivukwi, na atagundua kuwa eneo ni 36 − (x − 6)². Akimaliza mapema, mwambie upande mmoja wa bustani ni ukuta usiohitaji waya; sasa mraba haushindi tena, na 6 kwa 12 hutoa 72. Mwishoni orodha ya yule wa kwanza huandikwa ubaoni, kwa sababu ndiyo inayoonyesha darasa zima fomula ilikotoka.

Swali la namna hii haliondoi haja ya kuziba mapengo. Kabla ya kila mada, maswali matano ya yale inayoyategemea yatamwonyesha mwalimu nani amekwama na amekwamia wapi. Ni kazi ya kipindi kizima, na mwalimu anayekimbizana na muhtasari huogopa kukitoa. Wakuu wa shule na wakaguzi wanaopima mwalimu kwa idadi ya mada alizomaliza ndio wanaompa hofu hiyo. Wampime kwa wanafunzi walioelewa, naye atathubutu kurudi nyuma na mtoto aliyeachwa tangu darasa la tano.