Namba ya kaliba haitoshi kuchagua kiwambo cha sauti

Bunduki ya kuwindia ya .308 Winchester hutoa mshindo unaozidi desibeli 160, ilhali wataalamu wa usikivu huhesabu 140 kuwa mpaka wa hatari kwa mshindo wa ghafla. Mpaka huo ukivukwa, sikio lisilo na kinga linaweza kudhurika kwa risasi moja tu, na usikivu uliopotea hivyo haurudi. Ndiyo maana wawindaji wa Finland na Norway hufunga viwambo vya sauti kama jambo la kawaida. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli kati ya 25 na 35. Ukimya wa sinema haupo: risasi inayokwenda kasi maradufu ya sauti huipasua hewa kwa mlio wake yenyewe, na mlio huo hauzuiliki. Kinachotulizwa ni gesi ya baruti inayofumka mdomoni mwa mtutu.

Mnunuzi huanza na tundu. Kiwambo cha kaliba .30 hupitisha risasi ya milimita 7.8, hivyo .270, 6.5 Creedmoor na hata .223 hupita humo salama. Kinyume chake ni ajali: risasi ya .308 ikiingizwa kwenye kiwambo cha .223 itakipasua. Mwenye bunduki kadhaa na fedha ya kiwambo kimoja, namshauri achukue cha .30. Kwenye .223 gesi itapenya kidogo zaidi na mlio utapanda kwa desibeli chache, hasara ambayo mimi naiona ndogo.

Lakini namba hiyo hupima upana tu. .308 na .300 Winchester Magnum hurusha risasi za kipenyo kilekile, ila ya pili huchoma baruti karibu mara moja na nusu ya ya kwanza. Mtutu mfupi nao huachia gesi ingali na shinikizo kubwa. Kwa hiyo watengenezaji makini huorodhesha aina za risasi na urefu wa chini wa mtutu. Orodha hiyo isomwe kabla ya bei.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye hesi, yale meno ya kufungia. Ulaya, hesi ya M14x1 hukatwa kwenye mitutu ya .223 na ya .308 vilevile, hivyo kiwambo cha kaliba ndogo kitajifunga barabara kwenye mtutu mkubwa bila dalili yoyote ya kosa. Fundi bunduki ahakikishe pia kwamba hesi imenyooka na tundu la mtutu, kwani kupinda kidogo tu kunatosha risasi kugonga ukuta wa ndani.

Marekani, kodi ya dola 200 iliyowekwa mwaka 1934 iliondolewa kwa viwambo kuanzia Januari 1, 2026, lakini kila kimoja bado lazima kisajiliwe na mnunuzi achunguzwe kabla ya kukabidhiwa.