Hati kwao, wapangaji kwa chuo

Marekani kuna vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume, na baadhi vina nyumba zao, hati zikishikwa na wanachama waliohitimu zamani. Hapo ndipo ugomvi huanza. Mwaka 2003 baraza la wadhamini la Chuo Kikuu cha Colgate, New York, liliamua kuzinunua nyumba hizo; wanafunzi wasiishi tena katika nyumba ya chama isiyo mali ya chuo. Delta Kappa Epsilon ikakataa kuuza, ikaenda mahakamani 2005, ikashindwa. Usalama wa wanafunzi ni jukumu la baraza, hilo silipingi. Lakini mimi nauliza: ukimwachia mtu hati ukamnyima wapangaji, na mnunuzi ni wewe peke yako, bei ataipanga nani?