Kompyuta Mpakato ya Kusikilizia Muziki

Usiku wa Kerege, magari ya barabara ya Bagamoyo yakishapungua, nyumba hutulia kiasi cha kwamba feni ndogo ya kompyuta husikika ikivuma baina ya udi na ganuni. Na mtu aliyeketi kuisikiliza taarabu ya Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, hutambua papo hapo ya kuwa sifa ya kwanza ya mashine ya muziki si kasi, bali ni ukimya.

Wauzaji wa Kariakoo aghalabu husifu prosesa kwanza, wala hawasemi uongo; walakini kuufasiri wimbo uliohifadhiwa kwa tarakimu ni kazi hafifu mno, hata kompyuta mpakato iliyokwisha tumika maofisini miaka kumi huimudu bila ya taabu.

Kinachotaka hesabu ni nafasi. CD huipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, kila kipimo kikiwa cha biti 16, upande wa kushoto na wa kulia, na jumla yake ni takriban megabaiti 10 kwa dakika. Na taarabu asilia, kama wajuavyo wapenzi wake, haina haraka ya kumalizika. Faili za FLAC huupunguza mzigo huo kwa karibu nusu pasipo kupoteza chochote, ilhali MP3 ya kilobiti 128 huushusha hadi megabaiti moja hivi kwa dakika, kwa kuitupa sehemu ya sauti isiyorudi tena. (Wako wanaozigeuza MP3 zao kuwa FLAC wakidhani wameziponya, wanalolipata ni kujaza diski.) Diski ya gigabaiti 500 hutosha FLAC za saa zaidi ya 1,500, na ikiwa ni ya SSD ndiyo afadhali, maadamu ndani yake hakuna kizungukacho wala kilalamikacho. Hata hivyo nakala ya pili ni faradhi, kwani diski hufa bila ya kuaga.

Mnunuzi na aende dukani na hedifoni zake mwenyewe, azichomeke, asikilize mahali patupu kabla ya wimbo kuanza, huku chaja imo ukutani, kisha aichomoe: mngurumo ukitoweka, basi umeingia kwa njia ya umeme, na hapo hubaki kupiga muziki kwa betri au kutafuta chaja nyingine. Tundu la hedifoni likikwaruza, nasi watu wa pwani twajua chumvi ya hewa inavyokula shaba, kifaa cha DAC, yaani kigeuza tarakimu kuwa sauti, kichomekwacho kwenye USB huifanya kazi ya tundu hilo, mara nyingi kwa ubora zaidi.

Ama spika za ndani, hata za mashine ya bei ghali, ni ndogo mno kulitoa gitaa la besi la Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, likasikika sawasawa. Kwa hiyo shilingi zilizookolewa kwenye prosesa heri ziende kwenye amplifaya na jozi ya spika za haja.