Je, Wajua? Ndoo ya Nyanya na Kilo Zinazopotea

Je, wajua kuwa ukichemsha kilo 100 za nyanya zenye maji asilimia 95 mpaka maji yafike asilimia 90, sufuriani zitabaki kilo 50 tu? Niliposikia swali hili mara ya kwanza nilijibu "kilo 95" bila hata kumeza mate, na wengi hujibu hivyohivyo. Kosa letu ni kuyakodolea macho maji. Maji yanapaa kama mvuke. Kisichopaa ni ile nyama ya nyanya, kilo 5, ambayo mwanzoni ilikuwa asilimia 5 ya uzito wote. Sasa nyama ni ileile, ila inatakiwa iwe asilimia 10. Uzito mpya tuuite x: 0.10x = 5, basi x = 50. Wapishi wa rosti hawahitaji x yoyote kujua kwamba ndoo nzima huishia bakuli.

Mtego huohuo humngoja mkulima kwenye turubai la kuanikia. Ana kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20, na kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Anatoa 13.5 kwenye 20, anajiambia atapoteza kilo 6.5. Lakini mahindi makavu yaliyomo ni kilo 80, nayo yanatakiwa yawe asilimia 86.5 ya uzito mpya. Gawanya 80 kwa 0.865, unapata kilo 92.5 hivi. Jua limechukua kilo 7.5, si 6.5. Kwa magunia 50 ya kilo 100, tofauti ni kilo 50 hivi: nusu gunia ambalo hakuna aliyeliiba, ingawa mlinzi wa ghala anaweza kutazamwa kwa jicho baya.

Hesabu hizi za kutafuta x ni aljebra, na neno hilo lenyewe limetoka katika jina la kitabu cha mwanahisabati Al-Khwarizmi, aliyekiandika Baghdad mnamo mwaka 820. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za mirathi. Mwaka 1202 Fibonacci wa Pisa naye alitoa kitabu chenye sura nzima juu ya kuchanganya fedha na shaba za kutengenezea sarafu.

Sonara anaijua hesabu hiyo kwa vidole. Dhahabu safi ni karati 24, kwa hiyo ya karati 18 ni asilimia 75. Ana gramu 30 za dhahabu safi, aongeze shaba kiasi gani ipatikane karati 18? Dhahabu haiongezeki wala haipungui, ni 30 zilezile: 30 ÷ 0.75 = 40. Basi shaba ni gramu 10. Na karati? Asili yake ni mbegu za mti wa karuba, zilizotumiwa zamani kama mawe ya mizani.

Mfugaji wa kuku anaweza hata kuiruka x. Mahindi yana protini asilimia 9 hivi, mashudu ya soya 44, naye anataka chakula cha asilimia 16. Chora mraba, weka 16 katikati, 9 na 44 kwenye pembe za kushoto, kisha toa kwa mshazari, ndogo kwenye kubwa: 44 toa 16 ni 28, ndiyo mafungu ya mahindi, 16 toa 9 ni 7, ndiyo mafungu ya soya. Mafungu manne kwa moja, yaani kilo 80 za mahindi kwa 20 za soya. Hakiki: 7.2 na 8.8 ni 16. Huo huitwa mraba wa Pearson.

Je, wajua pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya kutengeneza lita 10 za kitakasa mikono, linataja mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96? Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka uizidishe kwa 0.96: ni 8,000 kasoro chembe, yaani asilimia 80 ya lita 10. Baada ya viungo vingine, maji hayapimwi. Unaambiwa ujaze mpaka alama ya lita 10.

Kuna sababu nzuri ya kujaza hivyo. Changanya mililita 50 za ethanoli na 50 za maji, nawe hupati 100. Unapata kama 96, kwa sababu molekuli za viwili hivyo hubanana zikikutana. Mendeleev, yule wa jedwali la elementi, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya kuungana kwa pombe na maji, mwaka 1865. Viweke vimiminika hivyo kwenye mizani badala ya silinda: maji gramu 50, ethanoli gramu 39 na ushee. Vichanganye, pima tena. Gramu 89 na ushee, zote zipo.