Sanaa Iliyonyang'anywa Kuta

Mchoraji wa Ukraine Mykhailo Boychuk aliamini kwamba mahali pa picha ni ukutani, machoni pa watu wote. Alianza kufundisha katika Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa Kyiv mwishoni mwa 1917. Yeye na wanafunzi wake walichora picha kwenye kuta za kambi ya jeshi Kyiv, za nyumba ya mapumziko ya wakulima Odesa, na za ukumbi wa tamthilia Kharkiv. Wakulima waliowachora walisimama wima na kimya, kama watakatifu wa makanisa ya kale ya Bizanti.

Utulivu huo ndio uliowaponza. Mwaka 1932 Moscow, makao ya utawala wa Kisovieti, ilivunja vikundi vyote vya wasanii. Mwaka 1934 uhalisia wa kijamaa ukawa ndiyo njia pekee iliyoruhusiwa. Sasa mkulima alitakiwa acheke katikati ya mavuno, na hali njaa ya 1932 na 1933 ilikuwa imeua mamilioni ya wakulima wa Ukraine. Julai 1937 Boychuk alipigwa risasi pamoja na wanafunzi wake Ivan Padalka na Vasyl Sedliar. Desemba ikawa zamu ya mkewe, Sofiia Nalepinska. Kuta zao nazo zikafutwa.

Ukuta hauna pa kujificha, lakini turubai hukunjwa. Katika jumba la makumbusho la Kyiv, kazi za "maadui wa umma" zilitiwa ghala la siri, zikaandikwa kuwa thamani yake ni sifuri. Nyingi zilinusurika zikiwa zimeviringishwa. Za mji wa Lviv hazikuwa na bahati hiyo: ziliteketezwa mwaka 1952.

Stalin alipokufa risasi zilipungua, udhibiti ukabadili silaha. Kazi za serikali na vyumba vya kufanyia kazi viligawiwa kupitia Umoja wa Wasanii. Mwaka 1964 msanii Alla Horska na wenzake walitengeneza dirisha la vioo vya rangi kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Kyiv: Taras Shevchenko, mshairi wa taifa, mwenye hasira, amemkumbatia mwanamke aliyejaa majonzi. Lilivunjwa kabla ya kuzinduliwa. Horska na Liudmyla Semykina wakafukuzwa katika Umoja. Hakuna aliyewapokonya brashi, walikatiwa riziki. Mwenzao Opanas Zalyvakha alikamatwa mwaka uliofuata, akafungwa kambini miaka mitano.

Basi sanaa ikasinyaa kulingana na nafasi iliyobaki. Mwaka 1967 wachoraji Stanislav Sychov na Valentyn Khrushch walitundika picha zao kwenye uzio karibu na jumba la opera la Odesa. Maonyesho hayo yalidumu saa tatu hivi. Miaka ya sabini wenzao wa mji huo waliwaalika watazamaji sebuleni mwao. Vipaji vilikuwapo tele. Kilichoporomoka ni mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi, pamoja na ile njia ya picha kumfikia mpita njia.

Wasanii Ada Rybachuk na Volodymyr Melnychenko walijaribu kurudi ukutani. Kwa miaka 13 walijenga Ukuta wa Kumbukumbu kwenye eneo la kuchomea maiti la Kyiv, urefu wa mita 213, umejaa sanamu za upendo, uzazi na msiba. Mwaka 1982, kazi ikikaribia kukamilika, iliamriwa imwagiwe zege. Mwaka 2018 kipande kidogo kilifukuliwa. Sehemu iliyobaki haikuvunjwa kamwe. Bado imesimama pale pale, ndani ya zege.