Babu Mmarekani Hutafutwa Kwenye Madeni Yake

Mtu akifia ugenini katika karne ya 19, aliyelijua jina lake barabara alikuwa mdai wake. Ndugu zake wako ng'ambo, kasisi hayupo, majirani wanamwita kwa jina la utani. Mdai ana daftari, na humo mna jina, tarehe, bidhaa na reale ngapi.

Nalianzia hapo kwa sababu wanaoniuliza habari za babu wa Kimarekani karibu wote huja na maswali mawili: cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi, na kaburi lake liko wapi. Kwa Unguja ya miaka ya 1830 na 1840, maswali yote mawili hayafiki mbali. Wamisionari Wakatoliki waliingia mwishoni mwa 1860, Waanglikana wa misheni ya UMCA wakahamia hapa 1864. Mtoto aliyezaliwa mtaa wa Shangani au Malindi kabla ya hapo hakuwa na kanisa la kumwandika. Na makaburi ya kisiwa cha Chapwani, ambako watu hukimbilia na kamera, mengi ni ya mabaharia wa manowari za Waingereza, wakiwemo wa Pegasus waliouawa tarehe 20 Septemba 1914. Usimrithi Mwingereza wa watu kwa sababu tu jina linafanana.

Basi tuanzie penye karatasi. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, alikutana na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, hapa Unguja mwaka 1828. Miaka mitano baadaye alimrudia akiwa mjumbe wa serikali yake, na mkataba ukatiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833. Mkataba wenyewe unaitaja pia tarehe ya Kiislamu, yaani 6 Jumada ya kwanza 1249, Mfungo Nane kwa hesabu yetu. Wanahistoria hupenda kutaja ushuru wa asilimia 5 uliokubaliwa humo. Mtafuta nasaba asome kifungu cha 9. Kinampa konsuli mamlaka ya kupokea mali ya Mmarekani aliyefia katika nchi za Sayyid na kuipeleka kwa warithi wake, baada ya kwanza kulipa madeni yote aliyokuwa akidaiwa na raia wa Sayyid.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye faida kwetu. Ili senti ya marehemu ivuke bahari kwenda Massachusetts, konsuli alitakiwa kujua nani anamdai: mwenye nyumba, mpishi, mchukuzi, muuza sandarusi, Mhindi aliyemkopesha. Sheria ya Marekani ya 1792 nayo ilikwishawaamuru makonsuli kuorodhesha mali ya raia waliofia kwenye vituo vyao bila mwakilishi. Ripoti za konsuli wa Unguja kwenda Washington, za mwaka 1836 hadi 1906, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani na zimepigwa filamu. Kila mara ninapomshauri mtu, namwambia azisome hizo kabla hajagusa kitu kingine.

Mfano mzuri ni Richard Palmer Waters. Alizaliwa Salem mwaka 1807, akatua hapa Machi 1837 akiwa konsuli wa kwanza wa Marekani, akaondoka 1844. Makonsuli wa namna yake hawakuwa na mshahara. Waliishi kwa ada na kwa biashara zao. Kwa hiyo mtu huyohuyo aliyepeperusha bendera ndiye aliyenunua pembe na sandarusi na kuuza merikani, ile nguo ya pamba nzito iliyovaliwa kuanzia Pwani hadi Ujiji. Mshirika wake mkuu alikuwa Jairam Shivji, Bhatia wa asili ya Kutch, aliyekodi forodha ya Sayyid. Wafanyabiashara wengine wa Salem walilalamika kwamba wawili hao wameufunga mlango wa biashara. Malalamiko yao ni neema kwa mtafiti, maana mtu anayelalamika huandika kirefu na hutaja majina.

Karatasi za Waters ziko katika maktaba ya Phillips, ya jumba la makumbusho la Peabody Essex, ambayo siku hizi iko Rowley, Massachusetts. Humo mna shajara yake. Inamwonyesha mcha Mungu aliyeuchukia utumwa, huku akila kwa biashara iliyosimama juu ya mabega ya watumwa: pembe zilibebwa na wao. Warithi wengi humtaka babu awe ama walii ama shetani. Waters hakuwa yeyote kati ya hao, na shajara ya mtu wa namna hiyo inafaa zaidi kwa sababu hakuiandika kwa ajili yetu.

Upande wa Salem kazi ni rahisi, ukijua mipaka yake. Massachusetts ilianza kuandikisha uzazi, ndoa na vifo kwa jimbo zima mwaka 1841. Kabla ya hapo ni madaftari ya mji mmoja mmoja. Sensa ya Marekani iliorodhesha jina la kila mtu huru wa nyumba kuanzia 1850. Za kabla yake zinamtaja mwenye nyumba tu, na waliobaki ni tarakimu. Sensa ya 1890 karibu yote imepotea kwa moto wa 1921, kwa hiyo asije mtu akakuuzia ukurasa wake.

Kama babu yako alikuwa baharia wa kawaida, asiye konsuli wala wakala, mwendee kwenye orodha za mabaharia za bandari ya Salem, zilizobaki za miaka ya 1799 hadi 1879. Kila chombo kilipotoka, forodha iliandika mstari mmoja kwa kila mtu: jina, alikozaliwa, anakoishi, ni raia wa nchi gani, umri, urefu, rangi ya ngozi, rangi ya nywele. Mstari huo ndio picha pekee iliyobaki ya mamia ya watu waliokufa kabla ya kupigwa picha. Na safu ile ya rangi ya ngozi isomwe kwa makini. Wamarekani weusi nao walikuwa mabaharia, na hakuna sababu ya kudhani kwamba babu Mmarekani lazima awe mzungu.

Kuna mtego wa majina. Akina Webb wa Salem waliofanya kazi hapa ni zaidi ya mmoja: Francis, John, William. Edward Ropes ni wawili, baba aliyekuwa konsuli miaka ya 1860 na mwanawe aliyefanya biashara hapa miaka ya 1880. Ukisikia "Bwana Ropes" katika masimulizi ya bibi, umri wa mtoto anayesemwa ni wake ndio utakaoamua ni yupi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kipimo cha DNA. Sina ugomvi nacho. Ila mtu aliyezaliwa miaka ya 1960 ambaye Mmarekani wake alikuwa hapa mwaka 1841 amemrithi kwa wastani wa asilimia 3 hivi tu, na huenda pungufu ya hapo. Kipimo kinaweza kukukutanisha na ukoo fulani wa Salem. Hakitakwambia ni ndugu yupi katika ndugu watatu. Jibu la hilo limo katika barua za meli: nani alikuwa Unguja mwezi gani, na nani wakati huo alikuwa baharini anakwenda Aden kutafuta ngozi na kahawa.

Mama wa mtoto ni mtihani mgumu zaidi. Barua za biashara hazikuandikwa kumtaja. Kwake yeye rudini nyumbani: hati ya nyumba, wakfu, karatasi ya mirathi iliyopita kwa kadhi. Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani zina makaratasi ya konsuli wa Uingereza tangu alipofika Hamerton mwaka 1841, na nyaraka za Kiarabu ambazo watafiti wa nasaba wamezigusa kidogo sana. Tazameni majina ya mashahidi chini ya hati kabla ya jina la mnunuzi. Shahidi huwa ni mtu wa karibu: jirani, shemeji, mshirika.

Na njia hii inakwenda pande zote mbili. Tarehe 30 Aprili 1840 jahazi la Sayyid, Sultana, lilitia nanga New York chini ya Ahmad bin Naaman, katibu wake, likiwa na pembe, karafuu, sandarusi na tende. Baraza la mji liliagiza achorwe picha ya rangi na mchoraji Edward Mooney, magazeti yakaandika habari zake kila siku, na jina lake likapindwa kwa kila herufi ambayo mwandishi aliisikia. Mzanzibari ambaye babu yake alikuwa ndani ya chombo kile ana la kutafuta katika magazeti ya New York, mradi asitafute kwa tahajia ya leo. Jairam naye katika barua za Wamarekani amegeuka "Jeram". Tamkeni jina kwa sauti kwa masikio ya mtu wa Salem, kisha andikeni mlichosikia, ndipo mfungue faharasa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikausha merikani, nguo za Bombay zikachukua nafasi yake, na baadaye nguvu ya biashara ikahamia New York. Kwa hiyo aliyekuja hapa mwishoni mwa karne kununua pembe atafutwe kwanza huko, na katika vijiji viwili vya Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambako pembe za Unguja zilipasuliwa kuwa funguo za piano. George A. Cheney alinunua pembe akiishi hapa kabla ya kuwa mshirika wa kiwanda cha Ivoryton. Mawakala wa pembe waliandika uzito wa kila jino na jina la aliyeliuza, na katika madaftari hayo muuzaji ni mtu wetu.