Pesa za Msimu, Dawa za Kila Mwezi: Mpangie Mzazi Wako Mapema

Ukifanya kazi Diani, hesabu hii unaijua. Agosti na Disemba hoteli zinajaa na bakshishi haikosi. Masika yakiingia, kuanzia Aprili, wageni wanapungua na wengi hurudishwa nyumbani bila mshahara. Lakini presha ya mama kule Msambweni haiendi likizo. Dawa anazomeza Disemba ndizo atakazohitaji Mei, hata akijisikia mzima. Presha hupanda kimya kimya, na kuruka dawa kunaweza kuleta kiharusi.

Haya hapa mambo matatu ya kupanga wakati mfuko bado una kitu.

1. Bima yako haimfuniki mzazi

Wengi wetu tunadhani makato ya SHA kazini, ile 2.75% ya mshahara, yanawafunika wazazi pia. La. Yanakufunika wewe, mwenzi wako na watoto. Mzazi husajiliwa kivyake, kwa kupiga *147# akiwa na kitambulisho chake.

Akishasajiliwa, matibabu ya kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali hayamdai mchango. Lakini akilazwa hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Msambweni, SHA hulipa tu ikiwa mchango wake umelipwa. Kwa asiye na mshahara, kiwango hutegemea tathmini ya kipato. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa cha mwaka mzima, yaani 3,600. Kuzitafuta hizo Mei, mama akiwa tayari yuko wodini, ni kazi ngumu. Zitenge Disemba.

2. Lipa duka la dawa moja kwa moja

Dawa zikikosekana zahanati, si lazima umtumie mama pesa, atafute ajenti, atoe, kisha apande boda hadi dukani. Mpigie mwenye duka, uliza bei, halafu lipa kwa namba yake ya till. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea kwenye simu. Mama atakwenda kuchukua dawa tu, na wewe utabaki na ujumbe wa malipo.

Kama ametimiza miaka 70 na yumo kwenye Inua Jamii, zile 2,000 za mwezi ni msaada mzuri wa chakula na nauli. Ila usizitegemee kwa dawa, maana wakati mwingine huchelewa.

3. PIN ya mama ni ya mama

Tunajua ilivyo: macho hayaoni vizuri, simu ni kabambe, basi PIN inapewa mjukuu, jirani, hata ajenti. Siku pesa zikipotea, undugu unaharibika. Kaa naye umfundishe polepole, siku mbili tatu, mpaka aweze kubonyeza mwenyewe. Mwambie pia kwamba sisi hatumpigii mteja kumuuliza PIN. Anayeuliza ni mwizi, hata akiwa na sauti ya adabu namna gani.

Leo jioni mpigie mzazi. Baada ya salamu, muulize maswali mawili: "Dawa zimebaki za siku ngapi? Na SHA umesajiliwa?" Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha pa kuanzia.